Mpangaji akihama, amana ikatwe kwa haki
Mpangaji amerudisha funguo. Sinki limepasuka, ukuta umejaa michoro ya watoto. Mwenye nyumba akate nini kwenye amana?

Kama hawakukagua nyumba pamoja siku ya kuingia, wala kupiga picha na kutia sahihi orodha ya vilivyomo, kila mmoja atavutia kwake. Sinki atalilipia mpangaji, kwa risiti ya fundi. Michoro inataka busara: rangi ya miaka mitano ingepakwa upya vyovyote vile, na kumtoza yote ni kumwonea.

Salio lirudishwe upesi. Huenda ndilo analongojea alipie nyumba anakohamia na wanawe. Wakikosa kuelewana, nchini Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni.