Je, Wajua? Pikapu Kuukuu Zinavyopunguzwa Kimo

Je, wajua kwamba zile pikapu za zamani za Kimarekani zenye madirisha membamba na paa lililoshuka hadi karibu na usukani hazikutoka kiwandani zikiwa hivyo? Kila moja ilipitia mikononi mwa fundi aliyekata nguzo zote za kabini, akaondoa inchi kadhaa, akalirudisha paa mahali pake na kulichomelea. Kukata ni kazi ya asubuhi moja. Kuunganisha kunaweza kuchukua miezi, na ndiko ufundi wenyewe uliko.

Jambo hili halikuanza kama urembo. Lilianza kusini mwa California miaka ya 1930, vijana walipokuwa wakizipeleka Ford zao kuukuu kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwa la Mojave, kama Muroc na El Mirage, kupima nani ana mbio zaidi. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda Southern California Timing Association, chama ambacho mwaka 1949 kiliandaa mashindano ya kwanza ya Speed Week kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah. Muroc ilichukuliwa na jeshi, na leo ni kituo cha anga cha Edwards.

Kwa nini paa? Kwa sababu adui wa mwendo mkubwa ni hewa. Kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ambayo injini inapaswa kutoa ili kuushinda huongezeka mara nane. Kabini yenye upana wa mita 1.5 ikishushwa sentimita 10, uso unaogongana na upepo hupungua kwa mita ya mraba 0.15. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, nakadiria kwamba hapo zinaokolewa nguvu farasi 6 hivi. Leo hizo ni kidogo, lakini injini ya Ford V8 ya mwaka 1934 ilikuwa na nguvu farasi 85 tu. Kijana asiye na fedha za kununua vipuri vya injini aliweza kupata nguvu hizo kwa msumeno na mtungi wa gesi ya kuchomelea.

Waliolipeleka wazo hilo mbali kuliko wengi ni ndugu wawili wa ukoo wa Pierson, na gari lao la milango miwili, Ford ya 1934. Sheria za mashindano zilidai kioo cha mbele kiwe na kimo kisichopungua inchi 7, ili dereva aone anakokwenda. Wao walizilaza nguzo za mbele kuelekea nyuma kwa mlalo mkali. Kioo kilichopimwa kwa kufuata uso wake kikatimiza sheria, huku paa likishuka chini kuliko gari lolote lenye nguzo zilizosimama lingeweza kushuka. Sheria haikuvunjwa hata kidogo. Naliona kuwa mojawapo ya majibu bora kabisa ambayo fundi wa gereji amewahi kuipa kanuni.

Baada ya vita vya pili vya dunia umbo lile likaanza kupendwa kwa ajili yake lenyewe, hata na watu wasio na haja ya mbio. Sam Barris na nduguye George, waliokuwa na karakana huko Lynwood, California, ndio waliokuja kujulikana zaidi kwa kazi hiyo. Gari lao mashuhuri ni Mercury ya 1951 waliyomtengenezea Bob Hirohata. Jambo la kutazama ni kwamba paa lake halikushushwa sawasawa: mbele ziliondolewa inchi 4, nyuma inchi 7, ndiyo maana linaonekana kama linateleza kwenda nyuma hata likiwa limeegeshwa. Mwaka 1959 kijana mmoja alilinunua likiwa limetumika kwa dola 500, akakaa nalo maisha yake yote. Januari 2022 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Sasa tuje kwenye pikapu.

Ford ilianza kuuza pikapu iliyokamilika kutoka kiwandani mwaka 1925. Ilikuwa Model T yenye sanduku la mizigo nyuma, kwa bei ya dola 281. Kabini za miaka iliyofuata, kama za Model A ya 1928 hadi 1931, zina nguzo zilizosimama karibu wima na vioo bapa. Hizo ndizo rahisi kupunguza: ukitoa kipande cha kimo kilekile kwenye kila nguzo, paa linashuka moja kwa moja na kukaa juu ya visiki vyake.

Balaa huanza na kabini za mviringo, mfano ile ya Chevrolet iliyotoka 1947. Nguzo zake zinaegemea ndani kadiri zinavyopanda. Chukua ndoo, igeuze mdomo chini, kata pete katikati na uitupe, kisha jaribu kuunganisha vipande viwili vilivyobaki: cha juu kitakuwa chembamba kuliko cha chini. Nguzo ikiegemea kwa nyuzi 10 na ukakata sentimita 10, ncha mbili zitapishana kwa takriban sentimita 1.8 kila upande. Kwa upana wa kabini nzima ni sentimita 3.5, na tatizo lilelile linakusubiri mbele na nyuma.

Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzichanja nguzo karibu na mashina yake na kuzilaza kidogo zaidi hadi zikutane na paa. Ya pili ni kulikata paa lenyewe vipande vinne, kuvitawanya, na kujaza nafasi kwa vibanzi vya bamba jipya. Wengi huchanganya zote mbili. Njia ya kwanza huficha kazi, lakini hubadilisha mlalo wa kioo. Ya pili hulinda mistari ya kabini, lakini huongeza mita kadhaa za mshono juu ya bamba pana na jembamba, mahali ambapo kila kosa litaonekana chini ya rangi. Ningeshauri ya kwanza kwa anayepunguza inchi 2 au 3. Zaidi ya hapo mlalo huzidi, na kabini hupoteza sura yake.

Milango nayo ina fremu zake za dirisha, na kila fremu lazima ipunguzwe peke yake kisha ifuate mstari mpya wa nguzo. Chevrolet za kuanzia 1951 zina pia kile kidirisha kidogo cha pembetatu cha kupitisha upepo mlangoni, chenye fremu na bawaba zake. Hicho peke yake kimewatoa jasho mafundi wengi.

Je, wajua kwamba kabla ya kukata chochote, kabini hufungwa mabomba ya chuma kwa ndani? Huchomelewa kutoka nguzo hadi nguzo na kukatiza katikati, huku milango ikiwa imefungwa na nafasi zake zimepimwa. Bila mabomba hayo, nguzo zikishakatwa kabini hujifungua au kujibana kwa milimita chache, na mlango hautafunga tena vizuri. Kisha mistari ya kukata huchorwa juu ya utepe wa gundi. Fundi mzoefu hakati tabaka la nje na la ndani la nguzo kwenye mstari mmoja. Huipishanisha mistari hiyo, ili mishono miwili isikae mahali pamoja na kudhoofisha nguzo. Ndani ya nguzo huingiza pia kipande cha chuma cha kuunga.

Na tangi la petroli! Kwenye Model A limo mbele ya dereva, chini tu ya kioo. Kwenye pikapu nyingi za Chevrolet za miaka ya 1950 na 1960 limo ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Cheche za grainda zinarukia hapohapo. Tangi hutolewa kabisa na kuwekwa mbali na kazi, hata kama ni tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki kwenye tangi tupu hulipuka upesi kuliko petroli yenyewe.

Kuchomelea kwenyewe ni kazi ya subira. Bamba la kabini lina unene wa milimita moja na ushee, na mshono unapopoa hujikunja na kulivuta bamba la jirani. Kwa hiyo hakuna anayevuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja. Anaweka nukta hapa, anahamia upande wa pili wa kabini, anaweka nyingine, anasubiri ipoe, anaigonga kwa nyundo huku kipande cha chuma kimeshikizwa kwa nyuma, ndipo anarudi. Nukta huongezeka hadi zishikane.

Enzi za akina Barris, mshono ulisawazishwa kwa risasi. Mchanganyiko uliotumika sana ulikuwa asilimia 70 risasi na asilimia 30 madini ya bati, na sababu yake inapendeza. Huanza kulegea kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi lakini hauwi maji kamili hadi kwenye 255 hivi. Katikati ya hapo unakuwa laini, unapakika hata kwenye ukuta uliosimama, kwa ubao uliopakwa nta au mafuta ya mnyama usigandamane nao. Kisha hunyolewa kwa tupa, si kwa msasa, kwa sababu vumbi la risasi ni sumu. Puti ya plastiki ilipokuja iliwaondolea mafundi hatari hiyo, ingawa ikipakwa nene juu ya mshono mbovu hupasuka baada ya muda.

Kioo ndicho kinachoamua kama kazi itakamilika. Kioo cha usalama cha mbele kina tabaka mbili na plastiki katikati. Mfaransa Édouard Bénédictus alilipata wazo hilo mwaka 1903, chupa ya maabara iliyokuwa na utando ndani ilipoanguka ikapasuka bila kutawanyika. Kioo bapa cha aina hiyo hukatwa: huchorwa mstari pande zote mbili, hupasuliwa kuufuata, kisha spiriti humwagwa kwenye ufa na kuwashwa kidogo ili plastiki ilegee na kupitisha wembe. Chevrolet za 1947 hadi 1953 zina vioo viwili bapa mbele, kwa hiyo zinakubali. Mwaka 1954 walileta kioo kimoja cha kupinda, na hicho huwapasukia hata wataalamu. Wengine hukwepa kabisa kukikata: hukiacha na kimo chake na kukizamisha chini kwenye bodi. Kile kioo kilichokazwa kwa joto, kama cha milango ya magari ya siku hizi, hakikatwi na yeyote. Ukijaribu kukikata kinasambaratika chote kuwa chembe.

Paa likishuka, dereva hupoteza kitu kingine: taa za barabarani zinazoning'inia juu ya makutano. Madereva wa Marekani waliokuwa na magari yenye paa au kinga ya jua iliyoshuka sana walibandika juu ya dashibodi kipande cha plastiki angavu chenye michirizi, kinachopinda mwanga ili taa ionekane bila kuinama. Bado kinauzwa.

Swali zito ni la usalama gari linapopinduka. Marekani ilianza kudai nguvu maalumu ya paa kwa magari madogo mwaka 1973: lihimili mara 1.5 ya uzito wa gari. Pikapu ziliingizwa kwenye kanuni hiyo katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 kiwango kikapandishwa hadi mara 3. Kabini za 1947 hazikuwahi kupimwa hivyo. Nguzo fupi, kwa ufupi wake, haipindi upesi kuliko ndefu; udhaifu uko kwenye mshono, na mshono hauonekani rangi ikishapakwa.

Basi kama unayo kabini kuukuu na unatamani kuipunguza kimo, mwombe fundi kwanza akuonyeshe picha za nguzo za kabini aliyoikata, zikiwa zimechomelewa lakini bado hazijapakwa kitu. Asipokuwa nazo, tafuta mwingine.