Malaria Masisi na Walikale: ujumbe ni rahisi, bili ni ya nani?

Katika bidhaa zote zinazouzwa Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ujumbe mfupi wa simu ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa. Lakini ujumbe wa taarifa za malaria una kasoro ya kibiashara: anayeutuma hafaidiki nao, na anayefaidika haletewi bili.

Wiki ya taarifa huanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Ikiisha, muuguzi mkuu wa kituo hufungua daftari na kuhesabu waliokuja na homa, waliopimwa kwa kipimo cha haraka, waliokutwa na vimelea, waliopewa dawa mseto na waliofariki. Namba hizo huenda ofisi kuu ya zone ya afya, na hatimaye huingia katika DHIS2, programu ya takwimu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara nchini kote. Zone zenyewe ni Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi upande wa Masisi, na Walikale, Pinga, Kibua na Itebero upande wa pili.

Kabla namba hazijatoka, simu sharti ichajiwe, mara nyingi kwa malipo kwa mwenye paneli ya jua au jenereta. Unite za kutuma ujumbe zinunuliwe. Rezo, yaani mtandao, itafutwe, hata kama ni kupanda kilima. Pasipo na mfadhili, yote hayo humwangukia muuguzi. Na serikali nayo haikumhurumia: kuanzia mwaka 2020 ilimkata kila mwenye simu kodi ya usajili wa simu iliyoitwa RAM, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya kizazi cha juu zaidi, hadi kelele za wananchi zilipoiondoa mwaka 2022.

Hesabu ya wagonjwa ina uzito kwa sababu Kongo hubeba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanane wa malaria duniani, ikitanguliwa na Nigeria tu. Masisi ni nchi ya milima, baridi na ng'ombe. Walikale ni msitu wa joto, na mbu hawana likizo. Vita na kiu ya madini huwashusha watu wa milimani hadi kwenye machimbo ya bonde, wakiwa na kinga ndogo ya mwili. Hapo ongezeko la wagonjwa halingoji ripoti ya mwisho wa mwezi.

Kuchelewa kuna mfano wake nchini humo humo. Huko Panzi, mkoani Kwango, wagonjwa wa kwanza walionekana Oktoba 2024. Tahadhari ikafika ngazi ya taifa mwishoni mwa Novemba. Dunia ikazungumzia ugonjwa wa ajabu, kumbe sehemu kubwa ilikuwa malaria na maambukizi ya mapafu kwa watoto wenye utapiamlo.

Tanzania ilishajaribu dawa ya tatizo hili. Mwaka 2009, mradi wa SMS for Life wa Novartis, Vodafone, IBM na Roll Back Malaria uliunganisha vituo 129 katika Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila Alhamisi muuguzi aliulizwa kwa ujumbe dawa ngapi zimebaki. Kujibu kulikuwa bure, na aliyewahi alizawadiwa muda wa maongezi. Katika wiki 21, vituo vilivyokosa walau aina moja ya dawa vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: tangu 2012, taarifa ya mgonjwa mmoja humtoa ofisa na pikipiki yake hadi nyumbani kwa mgonjwa kuwapima jamaa zake. Kwa maoni yangu pikipiki ile ndiyo mfumo. Simu ni kengele yake tu.

Kivu Kaskazini kengele ipo, barabara ndiyo haipo. Waasi wa M23 waliingia Rubaya Aprili 2024, Masisi-Centre na Goma Januari 2025, kisha Walikale Machi, kabla ya kuondoka humo Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki pia, na watu wakabaki na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ajabu ni kwamba hapo hapo ndipo njia ya kumlipa muuguzi ilipoonekana: pesa humfikia kwa simu hata pale gari lisipofika, mradi wakala awe na fedha taslimu.

Soko la mawasiliano halijalala. Mwaka 2025 Vodacom na Orange zilitangaza ubia wa kujenga hadi minara 2,000 ya nishati ya jua vijijini Kongo katika miaka sita. Mashirika ya misaada yanayopenda kuzindua programu mpya yangefanya vema kununua kwanza kitu kidogo zaidi: namba ya bure kwa kila kituo cha afya, kwenye mitandao yote, pamoja na paneli ya kuchaji simu. Wizara na kampuni za simu ziitie namba hiyo katika mikataba sasa, wakati minara bado inapangiwa mahali pa kusimama.