Uzi Hufanya Kazi kwa Ruhusa ya Nani?

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, ufundishaji wake hauwezi kuishia kwenye sarufi na fasihi. Sharti kieleze pia mambo ya kompyuta. Katika makala haya tunajadili suala moja: ruhusa za usalama wakati programu ya Java inapoandaa akiba ya nyuzi.

Tuanze na istilahi. Uzi ni mfuatano mmoja wa hatua zinazotekelezwa na programu, na programu moja yaweza kuwa na nyuzi nyingi zinazokwenda sambamba. Kwa kuwa kuunda uzi mpya kila mara kuna gharama, nyuzi kadhaa hutunzwa tayari. Ukimaliza kazi moja, uzi hupokea nyingine. Hiyo ndiyo akiba ya nyuzi. Java iliingiza zana za kuisimamia katika toleo la 5, mwaka 2004.

Tuchukue mfano wa kubuni wa eneo la ujenzi hapa Busanza. Vibarua huitwa kadiri kazi inavyoongezeka, na kila mmoja hupewa kitambulisho kinacholingana na cheo cha aliyemwita. Aliyeitwa na mhandisi huruhusiwa kuingia stoo. Aliyeitwa na mpishi huishia jikoni. Kesho yake mhandisi akimtuma stoo yule wa mpishi, mlinzi atamzuia. Mpishi naye akimtuma yule wa mhandisi, huenda akapita. Mlinzi husoma kitambulisho, hajui aliyetuma.

Ndivyo ilivyokuwa katika Java. Uzi mpya ulirithi mipaka ya ruhusa ya uzi uliouunda. Kwa kuwa akiba huunda nyuzi kazi zinapowasili, haikujulikana mapema ni mipaka ya nani ingerithiwa. Dawa yake ilikuwa kiunda-nyuzi kiitwacho privilegedThreadFactory, kilichozipa nyuzi zote ruhusa za yule aliyekiandaa. Hata hivyo, Msimamizi wa Usalama, yaani sehemu ya Java iliyokagua ruhusa hizo, aliwekwa katika orodha ya kuondolewa kwenye toleo la 17, mwaka 2021, na akazimwa kabisa katika toleo la 24, Machi 2025.

Je, suala limekwisha? La hasha. Limehamia ndani ya programu zenyewe. Mfano mzuri ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ambao mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, Kenya, na Rwinkwavu hapa Rwanda. Humo, utambulisho wa muuguzi aliyeingia hufungamanishwa na uzi unaohudumia ombi lake. Ombi likiisha, utambulisho hufutwa. Usipofutwa, ombi linalofuata laweza kuhudumiwa kwa jina la mtu mwingine. Kazi za nyuma ya pazia, ambazo hazina mtumiaji, hupewa nyuzi maalumu zenye ruhusa zote, na moduli huzifikia kwa tokeni inayotolewa na mfumo. Aidha, ruhusa ya muda ikiongezwa, lazima iondolewe hata kazi ikishindikana katikati.

Kanuni ni ile ile: ruhusa iamuliwe waziwazi, iambatane na kazi, na ikome kazi inapokoma. Linalolindwa ni siri ya mgonjwa, ambayo Rwanda inaihifadhi pia kwa sheria ya data binafsi ya mwaka 2021.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohusika. Wapo wanaoiita dhana hii "upendeleo". Neno hilo linapotosha, kwani upendeleo hutolewa kwa kumjali mtu, ilhali ruhusa hutolewa kwa kazi na ina mipaka. Tunapendekeza "ruhusa". Tunawaachia wasomaji zoezi la darasani: "haki", "idhini", "ruhusa" na "mamlaka" vinatofautianaje, na ni lipi kati ya hayo linaloweza kurithiwa?