Nyenje wakitoroka Nakawa, ogopa sumu kuliko mdudu

KAMPALA. Neno moja linaweza kuwagombanisha majirani katika jiji hili. Mswahili wa Tanga au Mombasa akisema nyenje, amemtaja mdudu anayelia usiku majanini. Mganda akilisikia anafikiria enyenje, yaani mende. Kwa hiyo mpangaji wa Nakawa anayebisha hodi alfajiri na kusema kwa Kiswahili safi kwamba nyenje wake wametoroka, na huenda wamepita chini ya mlango wa jirani, ajiandae kutoa maelezo marefu.

Maelezo yenyewe ni kwamba wadudu hao ni chakula. Kinyonga na mijusi wengi hula wadudu walio hai. Kinyonga hasa huvutwa na kitu kinachotikisika. Mdudu aliyekufa anaweza kulala mbele yake siku nzima bila kuguswa. Kobe hana shida hiyo, maana yeye ni wa majani. Lakini anayemfuga kinyonga hujikuta anafuga mifugo miwili: mmoja kwenye kizimba, na mamia wengine kwenye boksi chini ya kitanda.

Vifaa vya boksi hilo si vya dukani Ulaya. Trei za mayai, chakula cha vifaranga na vipande vya karoti vinapatikana sokoni Nakawa, kando ya Barabara ya Jinja, na ndivyo vitu vile vile wanavyotumia wafugaji wa nyenje wa kula, huku Uganda na hata magharibi mwa Kenya. Nyenje hupenda kujificha kwenye mabonde ya trei. Ugumu huanza mfuniko unapofunguliwa. Mmoja anaruka, mkono unamfuata, boksi linainama, na hapo hakuna tena cha kuhesabu.

Katika nyumba yenye ua wake mwenyewe kule Bugolobi, jambo hilo linaisha kwa kicheko. Katika vile vyumba vya kupanga vilivyoshikana, ambavyo Kampala huitwa mizigo, ukuta ni mmoja, dari mara nyingi ni moja, na pengo la chini ya mlango ni barabara kuu. Kelele ya usiku inasikika vyumba vitatu mbali. Jirani mmoja atalalamika, mwingine atauliza kama wanakaangwa. Swali hilo si la dhihaka katika nchi ambayo watu husubiri msimu wa nsenene kila Novemba.

Mdudu mwenyewe anatisha kwa sauti kuliko kwa madhara. Nyenje wa kufugwa anayejulikana zaidi duniani, Acheta domesticus, hana sumu na haenezi ugonjwa wa kumtia mtu kitandani. Anaweza kutoboa nguo na kuchafua chakula kilichoachwa wazi. Anayelia ni dume pekee, kwa kusugua mbawa zake, kwa hiyo ukimsikia mmoja jikoni hujajua lolote kuhusu majike walio kimya. Hao ndio wa kuwawinda, kwa sababu jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya mia moja. Lakini huyataga kwenye udongo au kitu chenye unyevunyevu, na watoto wanaoanguliwa hukua haraka penye joto la nyuzi 30 hivi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi kiasi. Sakafu kavu ya saruji si mahali pa kulea ukoo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni maji. Nyenje asiyepata maji hadumu siku nyingi. Bomba linalodondoka lifungwe, beseni la vyombo likaushwe kabla ya kulala, madumu yafunikwe, na sufuria ya maua iliyo dirishani itolewe nje, kwani udongo wake ndio wodi ya wazazi. Kisha mtego. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana inawekewa kipande cha karoti au mkate, inapakwa mafuta ya kupikia ndani karibu na mdomo, na inaegemezewa kijiti cha kupandia. Nyenje hupanda, huingia, na hushindwa kutoka kwa utelezi. Trei ya mayai yenye kitambaa kibichi pembeni, ikiwekwa nyuma ya friji palipo na joto, huwakusanya wenyewe usiku. Asubuhi inainuliwa polepole na kukung'utwa ndani ya ndoo. Kwa usiku chache mfululizo wengi wanakuwa wamekamatwa, na waliobaki wanatafutwa kwa tochi na subira.

Mfugaji mwenye uzoefu hujiepusha na usumbufu huo kwa kuliweka boksi mahali pa baridi kwa dakika chache kabla ya kulifungua. Nyenje aliyepoa haruki. Na hutia kizimbani wachache tu, wale watakaoliwa jioni hiyo hiyo, kwa sababu ya jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: nyenje mwenye njaa akiachwa humo usiku kucha humtafuna kinyonga aliyelala, vidoleni, kwenye ngozi, hata karibu na macho.

Si kila mdudu wa chakula hutoroka kwa namna moja. Mabuu ya mbawakawa wa unga hayana mbio, lakini yakifika kwenye gunia la posho yamefika nyumbani, kwani huyo ni mdudu wa ghalani. Mabuu ya nzi chuma, ambayo sasa yanafugwa kwa taka za jikoni na sokoni ili kulisha kuku na samaki, hutoka yenyewe yakikaribia kugeuka, yakitafuta mahali pakavu, na wafugaji huyawekea njia ya mteremko inayoishia kwenye ndoo. Nzi wake haumi wala hashambulii chakula mezani. Mende ni habari nyingine. Anayewafuga kwenye muzigo wa kupanga anatafuta kufukuzwa, na sioni wa kumtetea.

Hatari kubwa, hata hivyo, hupita barabarani mchana ikiwa na kipaza sauti. Wachuuzi wa dawa za panya, kunguni na mende hawaonekani tu siku unayowahitaji. Chupa ndogo ni rahisi, na mtu aliyekosa usingizi usiku wa tatu hanunui kwa kusoma lebo. Mara nyingine lebo yenyewe haipo, na dawa imehamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji.

Baadhi ya dawa kali za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu, na haziulizi kama mishipa hiyo ni ya mdudu au ya mtoto anayetambaa. Mtu aliyedhurika nazo hutokwa jasho na mate mengi, mboni za macho husinyaa, pumzi huwa shida. Hapo hakuna cha kusubiri wala kumtapisha mtu: apelekwe hospitali, iwe ya Naguru au Mulago, na chupa ya dawa ibebwe ili daktari aione. Na mdudu aliyekanyaga sumu hafi papo hapo kila mara. Anaweza kutembea hadi kwa jirani na kudonolewa na kuku wake, au kurudi mwenyewe hadi kizimbani. Mfugaji aliyemwaga sumu kuwaua nyenje wake anaweza kumlisha kinyonga wake sumu hiyo hiyo kesho jioni.

Kwa nini basi mtu humwaga badala ya kugonga mlango na kuomba msaada? Nionavyo, jibu liko kwenye sheria kuliko kwenye ujinga. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaliweka pori na viumbe wake mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na anayemfuga mnyama wa porini anahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Kwa makosa yanayohusu viumbe walio hatarini kutoweka, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Aliyemwokota kinyonga kwenye ua wa Mbuya na kumweka chumbani bila karatasi hatapenda jirani aingie na tochi kutafuta nyenje. Atafunga mlango na kununua chupa.

Wanaodhani wadudu ni jambo dogo mno kwa mahakama waulize Nairobi. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wanaume wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji wenye miaka 19, faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au mwaka mmoja gerezani. Vijana hao wawili walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu malkia wapatao 5,000, waliokusudiwa wafugaji wa ng'ambo. Kusafirisha boksi la nyenje kwa basi kupitia Busia bila kibali si ujanja wa kuokoa nauli. Virusi vya nyenje viliwahi kuangamiza mashamba ya wadudu hao Marekani na Ulaya, na hapa kwetu tuna nyenje wetu: mwaka 2018 watafiti walieleza spishi mpya iliyopatikana Kenya na kuipa jina la kituo cha icipe cha Nairobi, Scapsipedus icipe.

Kutoroka huku huenda pia upande wa pili. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kwa ajili ya duka la wanyama wa kufugwa. Baadhi yao waliachwa nje ya nyumba, wakazaana, na hadi leo wanaishi porini visiwani humo wakila wadudu na konokono ambao hawapatikani kwingine duniani. Nakawa haina hofu hiyo, kwa kuwa kinyonga wa hapa akitoroka amerudi kwao.

Anayetaka kumfuga kwa haki hana safari ndefu. Makao makuu ya UWA yako Kamwokya, Barabara ya Kira, na boda boda kutoka soko la Nakawa hufika huko kabla mtu hajamaliza kusimulia kisa chake. Anayetaka kuwaona watambaazi wanavyotunzwa na waliozoea aende Entebbe, kwenye Kijiji cha Watambaazi au kituo cha elimu ya wanyamapori, akawaulize wahudumu wanavyowafunga wadudu wao.