Jeraha sugu: Lini mtimkaji wa marathon aendelee na mazoezi, na lini asite?

MNAMO Aprili 23, 2023, mbio za London Marathon upande wa wanawake ziliwapa mashabiki visa viwili vinavyokinzana. Brigid Kosgei wa Kenya, ambaye wakati huo alikuwa mshikilizi wa rekodi ya dunia ya saa 2:14:04, alijiondoa dakika chache tu baada ya mbio kuanza kwa sababu ya jeraha. Makala ya Oktoba 2022 pia yalikuwa yamempita, wakati huo akiuguza msuli wa nyuma ya paja la kulia. Naye Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeiwakilisha Uholanzi, alisimama mara mbili barabarani kunyoosha nyonga iliyomkaza, akaachwa nyuma, kisha akawafikia viongozi na kushinda kwa saa 2:18:33. Hiyo ilikuwa marathon yake ya kwanza.

Aghalabu watu husimulia kisa cha Hassan na kukisahau cha Kosgei. Ndiyo maana katika kambi nyingi za mazoezi mtimkaji anayelalamikia mguu huambiwa ajikaze. Ushauri huo huenda ukamfaa mmoja na kumharibia mwenzake, kwa kuwa maumivu si ya aina moja.

Shinikizo la kujikaza linaeleweka. Mtimkaji wa masafa marefu hushiriki marathon mbili hivi kwa mwaka, na kila moja huitaji maandalizi ya miezi mitatu au minne. Asiyefika kwenye mstari wa kuanzia hana tuzo, na yamkini nyumbani kuna karo inayosubiri tuzo hiyo. Hata mfanyakazi wa ofisini aliyejisajili kushiriki Nairobi Marathon huona haya kurudi nyuma ilhali amekwisha kuwatangazia jamaa na marafiki.

Tuanze na misuli. Maumivu ya misuli baada ya mbio ndefu hufikia kilele siku ya pili, kisha hupungua yenyewe. Huenea pande zote mbili za mwili na hayachagui sehemu moja ndogo. Hayo hayahitaji daktari.

Mfupa ni suala jingine kabisa. Ufa wa mfupa unaotokana na kukimbia kupita kiasi huanza kama maumivu hafifu, mathalani kwenye muundi, sehemu inayoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole kimoja. Kadiri mtu anavyokimbia ndivyo yanavyozidi, na hatimaye humsumbua hata usiku akiwa kitandani. Picha ya kawaida ya eksirei huenda isionyeshe kitu katika wiki za mwanzo, mgonjwa akarudi mazoezini akidhani ni mzima. Hapa hakuna kujikaza. Paula Radcliffe wa Uingereza alipatikana na ufa katika mfupa wa paja miezi michache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya 2008. Alikimbia kwa maandalizi hafifu na kumaliza wa 23, licha ya kwamba rekodi ya dunia ya wakati huo ilikuwa yake.

Linalowatatiza wengi zaidi ni kano, hasa ile kubwa inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino. Mtu huamka asubuhi mguu umekaza, akachechemea hadi bafuni, na baada ya kilomita mbili za kukimbia maumivu yakatoweka. Kutoweka huko ndiko kunakomlaghai. Kano hupata damu kidogo ikilinganishwa na msuli, kwa hiyo hujirekebisha polepole mno, na adhabu ya mazoezi ya leo huonekana kesho asubuhi.

Wengi hudhani tiba yake ni kulala. Mapumziko matupu hutuliza maumivu, lakini kano isiyobebeshwa mzigo huzidi kudhoofika, na mtimkaji anaporejea barabarani jeraha huanza upya. Ndio mzunguko ambao umewatesa wengi kwa miaka.

Mwaka wa 1998 Håkan Alfredson, daktari wa Uswidi, alichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wakimbiaji 15 wa kujifurahisha waliokuwa na jeraha sugu la kano hiyo. Aliwataka wasimame kwenye ukingo wa ngazi, wajiinue kwa mguu mzima, kisha wateremshe kisigino polepole kwa mguu mgonjwa. Walifanya hivyo mara 15 kwa awamu tatu goti likiwa limenyooka, na awamu tatu nyingine likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Hizo ni mara 180 kwa siku, kwa wiki 12, na waliambiwa waendelee hata wakihisi maumivu. Wote 15 walirejea kukimbia. Tangu hapo wataalamu wamebuni mbinu nyingine zenye idadi ndogo ya marudio na uzani mkubwa zaidi, ila msingi ni ule ule: kano huponywa kwa mzigo unaoongezwa kwa kipimo. (Anayeumwa pale pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino asishushe kisigino chini ya ngazi, atajiumiza zaidi.)

Je, aendelee kukimbia wakati huo? Naam, kwa masharti. Wataalamu wengi wa viungo hutumia kipimo cha sifuri hadi kumi: maumivu yasiyozidi tatu au nne wakati wa mbio huvumilika, mradi asubuhi inayofuata mguu usiwe umekaza kuliko jana. Ukikaza zaidi, mzigo ulizidi. Cha kupunguza kwanza ni kasi na miinuko, kwa kuwa mbio za kasi na za kupanda vilima huivuta kano kuliko mwendo wa taratibu kwenye tambarare. Baiskeli na bwawa la kuogelea hulinda pumzi. Wiki mbili bila mbio haziporomoshi maandalizi ya miezi mitatu, ingawa ni vigumu kumshawishi mtimkaji yeyote aamini hivyo.

Hatari kubwa zaidi imo dukani. Tembe za kupunguza uvimbe, kama vile ibuprofen na diclofenac, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hali huwa mbaya zaidi mwili unapokosa maji katika mbio ndefu. Radcliffe, yule yule, aliacha mbio za Olimpiki za Athens mwaka wa 2004 akiwa karibu na kilomita ya 36. Baadaye alieleza kwamba dawa alizomeza kwa ajili ya jeraha la mguu zilimvuruga tumbo hata chakula hakikuufaa mwili.

Sindano nazo zina mtego wake. Dawa za jamii ya steroidi, kama vile triamcinolone, hupoza maumivu upesi, lakini zikidungwa kwenye kano zinaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Fauka ya hayo, tangu Januari 1, 2022, sindano zote za jamii hiyo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, hata ile ya ndani ya goti. Triamcinolone iliyodungwa kwenye msuli huweza kuchukua siku 60 kabla ya kuisha mwilini. Kati ya 2021 na 2022, wanariadha 10 wa Kenya walipatikana nayo. Diana Kipyokei alipokonywa taji la Boston Marathon la 2021 na kufungiwa miaka sita kwa sababu ya dawa hiyo pamoja na stakabadhi ghushi. Mtimkaji anayeihitaji kwa matibabu halali hana budi kuomba idhini rasmi, na kabla ya kudungwa amwulize daktari jina la dawa na kuliandika.

Wiki tatu kabla ya mbio ndipo uamuzi unapofaa kufanywa. Asiyeweza kukimbia kilomita 25 bila kuchechemea wala kumeza tembe hataziweza 42. Kujiondoa hakumalizi taaluma: Desemba ya mwaka ule ule wa 2023, Kosgei alishinda marathon ya Abu Dhabi kwa saa 2:19:15. Kwa wale wa Nairobi, kuna pia mbio za kilomita 21 na za kilomita 10, na waandalizi wakiulizwa mapema huenda wakakubali kubadilisha usajili.