Nani Aichoraye Nchi Yetu?

Wapo walimu wanaoamini kwamba programu za kompyuta zinazoigiza urubani ni michezo ya kupotezea wakati tu. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kijana anayejifanya rubani anacheza, naam; lakini ardhi anayoiona chini ya mbawa haikuzuka yenyewe. Iliandikwa na watu, na kilichoandikwa chaweza kusomwa, kusahihishwa na kutiliwa shaka.

Microsoft Flight Simulator ilipotolewa mwaka wa 1982, mandhari yake yalikuwa mistari na rangi chache. Baadaye mashabiki walianza kutunga mandhari ya nyongeza. Walichukua picha zilizopigwa kutoka angani, wakazitandaza juu ya vipimo vya miinuko ya ardhi, kisha wakapachika majengo, miti na barabara. Kazi hiyo haitofautiani sana na ya mtunga kamusi.

Chukua mfano wa uwanja wa ndege wa Meigs, Chicago, ambako wachezaji walianzia safari zao kwa miaka mingi. Mnamo Machi 2003, wakuu wa jiji waliagiza njia yake ya kurukia ndege ichimbuliwe usiku. Hata hivyo, mashabiki wameendelea kuuchora. Unaishi kama lugha iliyokosa wasemaji ikabaki kamusini.

Lakini kamusi nayo hukosea. Katika toleo la mwaka wa 2020, mnara mwembamba wa ghorofa 212 ulionekana ukichomoza katikati ya nyumba za kawaida mjini Melbourne. Mtu mmoja alikuwa ameandika 212 badala ya 2 katika OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Kosa lilikwisha kurekebishwa katika ramani yenyewe, ila programu ilitumia nakala ya zamani. Mashine haijui, hutii tu.

Je, hapa kwetu? Hadi mwaka wa 2009, Kibera ilikuwa karibu pengo tupu katika ramani za umma. Ndipo vijana wa mtaa huo, chini ya mradi wa Map Kibera, walipopita vichochoroni na vifaa vya kupimia mahali kwa setilaiti, wakaandika njia, shule, zahanati na vituo vya maji. Maarifa hayo waliyaweka katika OpenStreetMap, ghala ambamo programu ya X-Plane huchota barabara zake.

Mahali pasipo maelezo, programu hujijazia nyumba za kubuni, nazo aghalabu hufanana na za kwingine. Kwa hiyo mwalimu wa Jiografia na mwenzake wa Kiswahili wana kazi ya pamoja: wanafunzi wapime kijiji chao, kisha wakiandike pamoja na majina ambayo wenyeji huviita vilima na vijito. Tusipofanya hivyo, mgeni atatuchorea nchi asiyoijua, na watoto wetu wataruka juu yake wasiitambue. Mcheza kwao hutunzwa.