Maana ya Kuunga Udugu

Ndugu Waislamu, leo tulitazame neno "sila". Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu "wasala", yaani kuunga au kufikia. Katika shina hilohilo Kiswahili kimepata kuwasili, kuwasilisha na mawasiliano. Na "rahim" ni tumbo la uzazi. Basi silatur-rahim ni kuwafikia wale tuliounganishwa nao kwa damu: kwa miguu yetu, kwa salamu, na kwa mali wakati wa dhiki. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa muungaji wa kweli si yule alipaye wema kwa wema, bali ni yule ambaye jamaa zake wakimkata, yeye huwaunga. Tusingoje basi kutembelewa. Tukishasali, tukapige hodi kwa ndugu tuliyemnunia. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.